Jaketi la Blanketi

Njombe ya mwezi wa saba haina utani. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kuna asubuhi majani yanaamka na barafu nyembamba, nami nilikulia Tanga. Mitumbani majaketi mazuri yaliondoka belo linapofunguliwa tu. Sisi wa kuchelewa tuliachiwa yenye zipu mbovu. Ndipo nikamwomba mama mdogo, fundi wa sare za shule, tujishonee la kwetu: kitenge juu, blanketi jepesi katikati, bitana ndani, tabaka zote tatu zikishikwa na mistari ya cherehani inayokatana.

“Unataka kuvaa godoro, mwanangu,” alisema. Lakini futi kamba ilikuwa imeshafika shingoni.

Mama mdogo hakuwa mtu wa patani, ile michoro ya karatasi ya kukatia nguo. Alichora kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa, kama mafundi wengi wa mtaani, na sare zake zilikaa vizuri sana. Mimi nikang’ang’ania karatasi. Kitambaa cha sare kikiharibika unakata kingine. Blanketi letu lilikuwa moja tu. Nikanunua karatasi za kaki, zile za kujalidia madaftari, nikaziunga kwa gundi na kuzitandaza mezani.

Ubishi ulianzia kifuani. Alinipima juu ya shati, inchi 38, akataka kugawa kwa nne na kuongeza inchi moja kama kawaida yake. Nikavaa sweta, nikamwomba afikirie tena: unene wa blanketi unakula nafasi ya ndani, kwa hiyo jaketi linaloonekana pana mezani linaweza kukubana mwilini. Tukakubaliana inchi 11 kwa kila robo. Kwapa tukalishusha inchi moja zaidi, na bega tukaliacha lipite mfupa kidogo.

Kichwa cha mkono, ile sehemu ya juu ya mkono wa jaketi inayoungwa begani, ndicho kilichomtoa jasho. Aliisimamisha futi kamba kwa ubavu, akaitembeza juu ya mstari wa kwapa, mbele kisha nyuma. “Ukiilaza kwenye kona inakudanganya,” alisema, nami sijawahi kuilaza tena. Kwenye sare huwa anaacha kichwa cha mkono kizidi kwapa kidogo, kisha anakipunguza kwa kuvuta uzi. Safari hii alikataa kuzidisha chochote. Blanketi halikubali kufinywa.

Kukata kulikuja mwisho kabisa, na hapo ndipo nilipouona ufundi wake. Kitambaa chenye tabaka kikipigwa mistari husinyaa, urefu na upana. Kwa hiyo blanketi lilifuliwa kwanza, halafu kila kipande tukakikata ovyo, kikubwa kuliko patani pande zote. Nikapiga mistari ya chaki kwa rula, inchi mbili kutoka mstari hadi mstari, ikikatana mshazari. Yeye akashona kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua ndefu za sindano, ili blanketi lisisukumwe upande mmoja. Baada ya hapo ndipo kaki ikawekwa juu na mkasi ukapita. Kwenye maungio tulilipunguza blanketi kwa mkasi mdogo, mshono usije ukavimba.

Likatoka jaketi. Sikujali kwamba lilikuwa la kitenge cha maua.

Wa kwanza kulitamani alikuwa kijana wa bodaboda aliyeleta suruali kufupishwa. Akasalimia “Kamwene,” akaomba kulijaribu. Akiwa wima lilimkaa sawasawa. Akanyoosha mikono mbele kama anayeendesha: mgongo ukabana, mikono ikapanda ikaacha saa yake nje. Kwa mtu anayekula upepo wa barabara ya Makambako saa kumi na mbili asubuhi, jaketi la namna hiyo ni hasara.

Mama mdogo akamtoa nje, akamkalisha juu ya pikipiki yake na kumwambia ashike usukani. Akampima hapo hapo, mgongo akiwa ameinama, mkono ukiwa umekunjwa kiwiko, huku mimi nikiandika pembeni mwa kaki. Mgongo ulizidi karibu inchi mbili kuliko alipokuwa amesimama. Nilipoingia ndani kutafuta gundi ya kuunga karatasi nyingine, nilimsikia anamtajia kijana bei, tena bila kuniuliza.