Siku moja maishani mwangu: Alhamisi ya Machi na watoto wa Darasa la Kwanza

Saa 11:15 alfajiri

Mvua inapiga bati. Wengine wanavuta shuka, mimi nahesabu watoto. Masika yakianza hapa Morogoro, wale wanaoshuka kutoka mitaa ya juu, upande wa milima ya Uluguru, ndio wa kwanza kupotea darasani. Rejesta yangu ina majina 84. Siku kavu nawapata 78 au 80. Siku kama ya leo nikipata 50 nashukuru.

Nakunywa chai nikiwa nimesimama. Kapuni naweka chaki, kadi za silabi nilizokata kwenye maboksi ya sabuni, na mfuko wa vizibo vya soda vya kuhesabia. Vizibo hivyo nimevikusanya miaka minne na sikopeshi mtu.

Saa 1:10 asubuhi

Mstari leo haupo kwa sababu ya mvua, watoto wanaingia moja kwa moja madarasani. "Shikamoo mwalimu!" Wamelowa magoti hadi miguuni, madaftari wameyafunga kwenye mifuko ya nailoni na kuyakumbatia kifuani.

Kabla ya kipindi cha kwanza huwa nakaa na watoto watano, mmoja mmoja, kila mmoja dakika chache. Leo naanza na kijana wa dawati la tatu. Ukitazama daftari lake utampenda. Mwandiko umekaa juu ya mstari, vema nyekundu zimejaa kila ukurasa, hakuna uliochanika. Mama yake aliniambia mwezi uliopita, "Mwalimu, huyu wangu anasoma, hana tatizo." Na kweli, nikimfungulia kitabu anaanza bila kusita: kaka ana kuku, kuku anakula, kuku ana kiu.

Lakini macho yake yako dirishani. Kidole bado kipo mstari wa kwanza, mdomo umeshafika wa tatu.

Nafunika picha kwa kiganja. Nanyoosha kidole kwenye neno la mwisho, halafu narudi juu kwenye neno la kwanza. Kimya. Neno ni "kaka". Ananitazama usoni, hatazami kitabu, kisha anasema taratibu, "Kuku?" Ameiona k, mengine amekisia. Ukurasa mzima ameushika kichwani kwa kuwasikia wenzake, na ubaoni ananakili vizuri kama mtu anayechora ua.

Mzazi, hili nalisema kwa moyo wangu wote: daftari safi si ushahidi kwamba mtoto anasoma. Vema zile ni za kunakili sawasawa. Ukitaka kujua, mfunikie picha, mwanzishe kutoka chini kwenda juu, mrukishe neno moja moja. Itakuchukua dakika mbili, na utajua zaidi ya utakachosoma kwenye ripoti ya Desemba.

Saa 2:00 asubuhi

Naita majina. Wapo 53.

Sauti ya leo ni d. Naiandika ubaoni kubwa, natamka sauti yenyewe, nao wanaitikia. Hapa pana mkanganyiko unaotoka nyumbani kwa nia njema kabisa. Wengi wetu tulifundishwa a, be, che, de. Mtoto akirudi na herufi d, baba anamwambia, "Hiyo ni de." Kesho yake mtoto anakutana na d na a, anasoma "dea". Siku hizi tunaanza na sauti, majina ya herufi yatakuja yenyewe. Wale waliopita chekechea za Kiingereza nao wana lao: wakiiona e wanasema "i", wakiiona i wanasema "ai", na neno dogo kama "dini" linawatoa jasho. Siwalaumu watoto wala waliowapeleka huko. Ninachoomba ni kitu kimoja tu: muulize mtoto, "Mwalimu ameitamkaje hii?" halafu mfuate yeye.

Kipindi ni dakika 30, na kwa watoto 53 hata hizo hazitoshi. Naandika da, de, di, do, du. Nusu ya darasa wanaigeuza d kuwa b. Hilo halinitii hofu mwezi Machi, ni kawaida ya umri wao. Nawafundisha wakunje ngumi mbili na kusimamisha vidole gumba, wa kushoto ni b, wa kulia ni d. Kuna binti anayeandika kwa mkono wa kushoto. Wiki ya kwanza alikuwa anauficha chini ya dawati kwa sababu nyumbani anapigwa akiutumia. Jamani, tuuacheni mkono wa kushoto. Tangu nimwambie aandike anavyoweza, mwandiko wake umenyooka kuliko wa wengi.

Watoto 31 ambao hawapo leo hawataiona d. Kesho naingia sauti nyingine, kwa sababu hawa waliokuja siwezi kuwasimamisha. Kusoma kunapandishwa kama matofali, na anayekosa siku tatu hukosa tofali ambalo juu yake tumeshajenga. Kwa hiyo mama akiniambia "alikosa siku chache tu, alinisaidia kushusha ndizi sokoni Mawenzi", najua shida yake ni ya kweli, na bado moyo unaniuma.

Saa 4:00 asubuhi

Uji. Ni mahindi yenye sukari kidogo, wazazi walikubaliana kuchangia kwenye mkutano wa Januari. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016 na wengi wakadhani kila kitu kimeisha, lakini sare, madaftari na tumbo la mtoto vimebaki mikononi mwa nyumba. Tofauti naiona wazi: aliyekunywa uji ananisikiliza saa 5, ambaye hajanywa analalia mkono.

Vikombe vinapooshwa nawahesabia vizibo wale watatu wanaokwama kwenye kujumlisha. Hesabu kwao ni vitu vya kushika kwanza. Ukiwapa tarakimu tupu wanazisoma kama nyimbo.

Saa 6:00 mchana

Darasa la Kwanza wanatoka. Mvua imekatika, njia ni tope tupu. Nabaki na rundo la madaftari ya kazi za nyumbani, na hapa naomba nisemane na kaka na dada wa nyumbani. Mwandiko wa mtoto wa miaka sita naujua kama ninavyoujua wa mwanangu. Kwenye rundo la leo kuna kazi saba zilizoandikwa na mkono wa Darasa la Tano au zaidi. Mtoto akikosea nyumbani, liache kosa. Mimi nalihitaji. Kosa ndilo linaloniambia kesho nianzie wapi.

Twisheni sitaizungumzia sana. Mtoto wa Darasa la Kwanza akitoka shule anahitaji kula, kucheza na kulala mapema. Mengine yatamkuta mbele.

Saa 7:40 mchana

Nilimwita mama wa yule kijana wa dawati la tatu, amekuja bibi yake. Ana kanga kichwani, kandambili kashika mkononi kwa sababu ya tope.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mama yake yuko sokoni. Kafanya nini huyu?"

Namweleza hajafanya kosa lolote, nilitaka tu tumsaidie mapema. Ananisikiliza, kisha anasema polepole, "Mwalimu, mimi kusoma sijui. Nitamsaidiaje?"

Nimeulizwa swali hili mara nyingi, na kila mara linanigusa. Natoa kadi kumi kapuni: ka, ku, ki, ma, mu, mi, da, di, ba, bu. Namwambia, "Bibi, wewe huhitaji kusoma. Jioni zichanganye, mtolee moja moja, yeye atamke. Nyuma ya kila kadi nimechora kitu kinachoanza na silabi hiyo. Akitamka, igeuze. Akisema ku na nyuma kuna kuku, amepata." Bibi anageuza kadi ya kwanza, anamwona kuku, anacheka. Anazigeuza zote kumi hapo hapo barazani, moja baada ya nyingine. Kwenye bu anauliza, "Huyu ni buibui?" Ni buibui, ingawa mchoro wangu haukutoka vizuri.

"Dakika kumi tu," nasema, "lakini kila siku."

"Baada ya kuosha vyombo," anajibu. Ameshapanga.

Natamani wazazi wangekuja hivi, mwezi Machi, mambo yakiwa bado mabichi. Wengi nawaona Desemba, ripoti ikiwa mkononi na hasira ikiwa usoni. Darasa la Kwanza halina mtihani wa kitaifa, kwa hiyo linaonekana mwaka mwepesi. La Pili wanapimwa kusoma, kuandika na kuhesabu. La Nne linakuja na upimaji wa kitaifa wa Baraza la Mitihani, NECTA, mwezi Oktoba, na asiyefaulu anaweza kurudia darasa. Hapo ndipo nyumba inaposhtuka, twisheni inatafutwa, mtoto anachapwa. Nimewahi kusaidia kusahihisha mazoezi ya Darasa la Nne. Mtoto alikosa maswali ya sayansi ambayo ukimuuliza kwa mdomo anayajua yote. Swali ndilo hakuweza kulisoma. Tatizo lake lilizaliwa miaka mitatu nyuma, kwenye darasa kama hili langu, pengine kwenye wiki ya mvua kama hii.

Saa 11:00 jioni

Nafika nyumbani, naanika viatu. Mwanangu yuko Darasa la Tatu, ananisomea maandishi ya pakiti ya unga wakati nakoroga ugali. Hatuna vitabu vingi vya hadithi, lakini pakiti ya unga, kibao cha duka na ubavu wa daladala vina maneno, na maneno yale hayajui kwamba si ya kitabuni.

Saa 2:30 usiku

Andalio la somo la kesho limekamilika. Kwenye simu kuna ujumbe wa baba mmoja, dereva wa bodaboda: "Mwalimu samahani, mtoto hakuja leo, daraja la mti lilichukuliwa na maji. Mmesoma nini?" Namjibu: sauti d, da de di do du, atamke sauti, asiseme jina la herufi, na asiandike zaidi ya mistari mitano. Anajibu baada ya dakika chache: "Namuuliza sasa hivi kabla hajalala."

Nakata kadi nyingine kumi kutoka boksi la mwisho. Za kesho ni za wale 31.