Fungu nililoliacha wazi kwenye bajeti

Ruzuku yangu ya kwanza ilikuwa ya kurekodi nyimbo sita. Studio ya kukodi, wapiga ala watatu, fundi wa sauti. Siku ya majibu nilipiga vigelegele hadi koo likanikauka. Mradi ulipoisha nilikabidhi nyimbo nne, na barua ya kueleza kwa nini si sita niliiandika mara tano kabla sijapata moyo wa kuituma.

Zile mbili ziliishia kwenye nauli na posho ya msindikizaji. Mimi sioni. Studio ilikuwa ngeni kwangu, ngazi zake sikuzijua, nyaya zilitandazwa sakafuni kote, na mikataba ya wapiga ala ilikuwa ya karatasi. Nilihitaji mtu wa kunifikisha, kunisomea na kushinda nami hadi jioni. Hayo niliyajua tangu nilipokuwa najaza maombi, lakini sikuyaandika. Niliogopa kwamba watanilinganisha na msanii anayeona, waone mimi ni ghali, wamchukue yeye. Basi kile kisanduku cha gharama nyingine nikakiacha kitupu, nikapewa ruzuku, kisha msindikizaji nikamlipa kwa pesa za muziki.

Kila wiki napata ujumbe wa sauti kutoka kwa wasanii wenzangu wenye ulemavu, na swali ni lile lile: pesa ziko wapi? Nitawaambia ziko wapi. Ila naanza na kisanduku kile kitupu, kwa sababu ruzuku isiyo na fungu hilo ilinipa mimi theluthi mbili tu ya kazi, na nimewasikia wengine wengi iliowapa hivyo hivyo.

Fungu lenyewe ni la gharama za ufikivu. Humo ndimo anamoingia msindikizaji wa asiyeona, mkalimani wa lugha ya alama, msaidizi wa mchongaji ambaye mikono yake haina nguvu, gari linalopakia kiti cha magurudumu, na siku za ziada kwa mwenye maumivu asiyeweza kufanya kazi siku tano mfululizo. Gharama hizi zinatakiwa zikae kando ya pesa za sanaa, zisile humo. Arts Council England, taasisi ya umma inayofadhili sanaa, kwenye ruzuku zake za miradi, humruhusu mwombaji kuongeza gharama zake binafsi za ufikivu juu ya kiasi anachoombea kazi, na humlipia mtu wa kumsaidia kujaza maombi ikiwa ulemavu wake unamzuia kuyajaza peke yake. Huko huko Uingereza serikali ina mpango uitwao Access to Work, ulioanza mwaka 1994, unaosaidia kulipia wasaidizi, wakalimani na vifaa vya kazi. Msanii aliyejiajiri naye anahesabika kuwa yuko kazini. Nilipofika hapo niliirudisha nyuma programu yangu ya kusoma skrini, inisomee sentensi ile tena.

Sasa mifuko yenyewe. Ninaoupenda kuliko yote ni Unlimited, kwa sababu haukuanza na swali la namna ya kuwasaidia walemavu. Ulianza kwa kuagiza kazi. Kuelekea Michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya London ya mwaka 2012, wasanii wenye ulemavu na viziwi walipewa kazi 29 za kutengeneza, zikalipiwa kama kazi mpya za sanaa zinavyolipiwa. Sue Austin alikiendesha kiti chake cha magurudumu chini ya maji, kati ya samaki, na picha zake zikazunguka dunia. Mradi ule haukufa na michezo. Mwaka 2022 Unlimited ilisimama kama taasisi inayojitegemea, na hadi leo inaagiza kazi. Maombi yake unaweza kuyatuma kwa maandishi, kwa sauti au kwa video, hata kwa lugha ya alama.

Marekani kuna mfano wa namna nyingine. Mwaka 2020 mashirika mawili ya hisani, Ford Foundation na Mellon Foundation, walianzisha Disability Futures, iliyoendeshwa na United States Artists. Wasanii 20 wenye ulemavu walipewa dola 50,000 kila mmoja, pesa zisizofungwa kwenye mradi wowote. Mwaka 2022 wakafuata wengine 20. Mtu asiyeishi na ulemavu anaweza asielewe uzito wa pesa zisizofungwa. Kiti kikiharibika katikati ya onyesho, au ukilazwa wiki mbili, pesa iliyofungwa kwenye mradi haikugusi, inakutazama tu. Ile iliyo huru inalipa fundi wa kiti na kodi ya nyumba, nawe unarudi kwenye kazi yako.

Hata hivyo, ukiwa unapokea posho ya ulemavu ya serikali, usisaini mkataba wowote wa ruzuku kabla hujauliza posho hiyo itaathirika vipi. Marekani posho iitwayo SSI humtaka mtu mmoja asiwe na akiba wala mali inayohesabika zaidi ya dola 2,000, na kiwango hicho hakijapanda tangu mwaka 1989. Mtu anashinda tuzo Jumatatu, mwezi unaofuata anapoteza posho, na mara nyingi bima ya matibabu inayoambatana nayo iko hatarini pia. Sheria za aina hii zinatofautiana kila nchi, lakini swali la kumuuliza mfadhili ni moja popote ulipo: je, mnaweza kunilipa kwa awamu, au kuwalipa moja kwa moja studio na msaidizi wangu? Nimeuliza swali hilo mara tatu. Mara mbili nilikubaliwa, na ile ya tatu walinishukuru kwa kuwafumbua macho, wakanikatalia. Lililonikera ni kwamba hakuna mfadhili hata mmoja aliyelitaja kabla mimi sijalitaja.

Niseme na habari ya fomu, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapoachwa mlangoni. Kuna taasisi moja iliwahi kutoa tangazo zuri mno, wasanii wenye ulemavu wanakaribishwa hasa. Nikafungua fomu. Programu yangu ikasoma: "Picha. Ukurasa wa kwanza kati ya kumi na nne. Picha. Ukurasa wa pili. Picha." Walikuwa wameipiga picha fomu ya karatasi, hakuna hata herufi moja ya kusomeka. Nikawaandikia kuomba nakala ya maandishi. Wakajibu kwa upole kabisa, siku tatu baada ya dirisha kufungwa. Tangu hapo tangazo likitoka, siku hiyo hiyo naandika barua pepe mbili: moja ya kuomba fomu inayosomeka, nyingine ya kuuliza kama naweza kujibu kwa sauti. Taasisi nyingi hukubali zikiulizwa mapema. Zikisitasita, nazikumbusha ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Ibara hiyo inazitaka nchi zituwezeshe kukuza na kutumia vipaji vyetu vya sanaa, kwa faida yetu na kwa kuistawisha jamii nzima. Nchi nyingi mno zimeuridhia.

Jambo la pili ninalowaambia wanaoniuliza: msiombe kwenye mifuko ya walemavu peke yake. Tarehe 3 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, na kwa miaka mingi karibu shughuli zangu zote zilikuwa wiki hiyo moja. Naimba nyimbo mbili, napewa cheti, napigwa picha na mgeni rasmi, halafu simu inakaa kimya hadi Novemba nyingine. Nilidhani huko ndiko mlango wa kazi uliko. Siku moja mzee aliyenifundisha gita akaniuliza, "Mwanangu, mbona hujaomba kule ninakoomba mimi?" Ulikuwa mfuko wa kawaida wa muziki, wa kila mtu. Jibu sikuwa nalo. Nikaomba, safari hii kisanduku cha ufikivu nikakijaza hadi mwisho: msindikizaji, siku zake, nauli yake, chakula chake, na mtu wa kunisomea mikataba. Wakanipigia kuuliza mstari mmoja tu, posho ya fundi wa sauti, waliyoiona ndogo. Ya msindikizaji haikuguswa.

Na jambo la muda. Mwaka 2025 Nnena Kalu alitwaa Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa Uingereza, akiwa mtu wa kwanza mwenye ulemavu wa kujifunza kuipata. Maneno yake ni machache. Mikono yake inafunga na kuzungusha vitambaa, kamba na utepe hadi yatokee maumbo makubwa yanayoning'inia, na michoro yake huzunguka kama kimbunga. Watu walizungumzia ushindi ule kana kwamba ulidondoka kutoka mbinguni. Mimi nilitazama mwaka mmoja tu kwenye habari zake: 1999. Ndio alioanza kufanya kazi na ActionSpace, studio ya London inayosaidia wasanii wenye ulemavu wa kujifunza. Zaidi ya miaka 25 ya mahali pa kufanyia kazi, vifaa, na mtu pembeni yake anayejua lini amsogezee utepe na lini amwache. Gharama hizo mtu amekuwa akizilipa mwaka baada ya mwaka, wakati hakuna kamera. Nikikutana na mfadhili anayetaka matokeo ndani ya miezi sita, namsimulia habari hii kwa utaratibu, na sichoki kuirudia.

Wiki hii naandika maombi mapya, ya albamu. Nimemkalisha mdogo wangu mezani, mimi nataja yeye anaandika. Aliponiuliza aanze na nini, studio au wapiga ala, nikamwambia aandike kwanza msindikizaji, siku kumi na nane, pamoja na siku mbili za kuizoea studio kabla hatujawasha mashine. Akaandika. Kisha tukahesabu nyimbo.