Mlinda mlango na goti lake: siku yangu moja Lubumbashi

Saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi jua likitoka halibishi hodi. Mvua hatujaiona bado, udongo mwekundu umekauka umekuwa tofali, na juu ya tofali hilo watoto watacheza mpira jioni ya leo. Nakunywa chai na mkate, natia mkobani bendeji na chupa mbili za maji yaliyoganda usiku (umeme ulikuwepo, tushukuru), nawahi teksi-basi. Mimi ni kine, kazi yangu ni kurudishia viungo nguvu baada ya kuumia. Shangazi yangu hadi leo anawaambia watu kwamba nilisomea kuchua.

Saa mbili. Wa kwanza ni binti wa miaka 11 anayecheza basketi. Visigino vyote viwili vinamuuma akitoka kiwanjani. Navibana kwa pembeni, anaruka. Nyuma ya kisigino mfupa wa mtoto una sehemu laini ya kukulia, na kano nene ya mguu inaivuta kila anaporuka. Soli za viatu vyake zimekwisha kabisa. Nampunguzia kuruka, namwekea kipande cha sponji ndani ya kiatu, namfundisha mazoezi ya shavu la mguu.

Anayemfuata ana miaka 13 na nundu chini ya goti. Baba yake amekuja amekasirika, maana mtaani wamemwambia mfupa unaoza.

"Hauozi, papa. Unakua."

Namchorea kwenye karatasi: kano ya goti imeshika sehemu ya juu ya muundi, mahali ambapo mfupa haujakomaa. Kijana akirefuka haraka huku anapiga mashuti kila siku, pale panavutwa mpaka panavimba. Nundu inaweza kubaki. Maumivu kwa kawaida huisha akimaliza kukua. Simkatazi mpira. Tunapatana kwamba maumivu yasipozidi 3 kwa 10, na kesho yake asubuhi yakawa yameisha, acheze, yakizidi, akae. Watoto wa hapa ukiwaambia waache mpira wanakuitikia vizuri sana, halafu huwaoni tena.

Saa nne. Anaingia mlinda mlango, miaka 13, mwili mkubwa, anachechemea, unyayo umegeukia nje. Mama yake anaanza kabla sijamsalimia vizuri: "Mama kine, ni ile Kidiaba yake." Kumbe kila timu yake ikifunga, mtoto anaketi chini na kurukaruka kwa matako kama Robert Kidiaba, mlinda mlango wa TP Mazembe, klabu ya hapa Lubumbashi, alivyofanya mwaka 2010 walipofika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Mtoto huyu hakuwa amezaliwa, lakini mtindo anaujua wote.

"Inakuuma wapi, baba?"

"Mu goti."

"Tangu lini?"

Anamtazama mama yake kwanza. Wiki tatu. Wiki hizo tatu goti limechuliwa kwa maji ya moto na dawa ya kupaka, na bado amedaka mechi mbili, kwa sababu alisikia kuna watu wa kuchagua vijana watakuja.

Goti lenyewe halina kitu. Halijavimba, linakunja, linanyooka. Namlaza chali, nakunja nyonga polepole: paja linakimbilia nje lenyewe. Najaribu kuligeuzia ndani, linakataa, na mtoto anashika kitanda. Hapo naacha. Katika umri huu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza pale kwenye sehemu ya kukulia, hasa kwa mtoto mzito, na maumivu yanajitangaza gotini. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililitibu goti la namna hii siku tano kabla ya kuifikiria nyonga. Sijasahau.

"Mama, kuanzia sasa asikanyage chini."

"Hata mpaka barabarani?"

"Hata mpaka mlangoni."

Nampigia daktari: radio, yaani picha ya mifupa, ya nyonga zote mbili, leo, maana upande wa pili nao huweza kuteleza. Mfupa ukizidi kuteleza, damu inaweza kukosa kufika kwenye kile kichwa, na hapo unazungumzia nyonga mbovu kwa kijana asiyefika hata miaka 15. Moto ya kukodi, yaani pikipiki, nakataa. Tunatafuta teksi, analazwa kiti cha nyuma. Kabla mlango haujafungwa namwambia mama kwamba kurukaruka kwa matako hakuna kosa lolote.

Saa saba, bukari (ugali wetu) na samaki. Nakula haraka.

Saa tisa na nusu, kiwanjani Katuba. Kochi, mzee ninayemheshimu, alikuwa akiwazungusha watoto raundi nne na kuita hiyo kupasha mwili. Tangu mwezi wa pili tunafanya mazoezi ambayo FIFA iliyatengenezea watoto: kusimama mguu mmoja huku wakirushiana mpira, kuruka na kutua goti likiwa limekunjwa, kuviringika wanapoanguka. Utafiti wa nchi nne za Ulaya uliotoka 2018 ulikuta majeraha yamepungua karibu nusu kwa watoto waliofanya hivyo. Kochi bado ananung'unika kwamba jua linazama saa kumi na mbili na dakika 20 ni nyingi. Ila kuviringika amekupenda, kwa sababu wanaoanguka kwa mkono ulionyooka juu ya udongo huu ndio wanaovunjika.

Saa kumi na moja, vichwa viwili vinagongana. Mmoja anainuka, anajipangusa, ananiuliza sisi tunacheza upande gani. Namtoa.

"Si amesimama mwenyewe?" anasema kochi.

"Amesimama, mzee, lakini goli hajui liko wapi. Leo amemaliza."

Nampeleka mwenyewe kwa bibi yake. Kulala alale, ila akitapika, kichwa kikizidi kuuma, au asiamke vizuri, hospitali usiku huohuo. Siku mbili za kutulia, kisha darasa, mpira baadaye, hatua kwa hatua. Bibi anauliza kama ampake mafuta kichwani. Ayapake, hayadhuru.

Saa mbili usiku simu inalia. Mama wa mlinda mlango. Radio imeonyesha mfupa umeteleza upande mmoja, kidogo, kesho wanamtia skrubu. Sauti inamtetemeka, kisha anacheka kidogo: mtoto anataka kujua kama ile skrubu itakubali Kidiaba.