Pai ya matufaha Moshi: nilivyofanikiwa kuivisha ganda la chini

Pai ya matufaha ikikosewa, aghalabu hukosewa chini. Juu inaweza kuwa imepiga rangi nzuri na mdalasini unanukia nyumba nzima, lakini ukikata kipande na kukigeuza unakuta ganda la chini limelowa, unga haujaiva. Hapa Moshi nimeioka kwa oveni ya gesi, kwa oveni ndogo ya umeme, na kwa sufuria ya mchanga juu ya jiko la mkaa, na tatizo lilikuwa lile lile. Ganda hilo hulowa kwa sababu siagi imeyeyuka kabla ya wakati, matufaha yametoa maji mengi, au moto umechelewa kufika chini. Ukirekebisha moja ukaacha mengine, bado litalowa.

Vipimo vyangu ni vya bati la duara la sentimita 23, lenye kina cha kama sentimita 4. Ganda la chini na la juu kwa pamoja huchukua unga wa ngano gramu 360, siagi gramu 240, maji ya barafu mililita 90 hadi 120, chumvi kijiko kimoja cha chai na sukari kijiko kimoja cha chakula. Yaani unga sehemu tatu, siagi mbili, maji moja, kwa uzito. Kama huna mizani, kikombe cha mililita 250 kilichojazwa kwa kijiko bila kushindilia hubeba unga wa gramu 125 hadi 130, kwa hiyo ni vikombe vitatu vilivyopungua kidogo. Unga wa kawaida wa chapati unafaa. Ule uliokwisha kuchanganywa na beking pauda uache, hautatoa tabaka zinazotakiwa.

Vya ndani ni matufaha kilo moja na robo kabla ya kumenya, sukari gramu 120, wanga wa mahindi vijiko viwili vya chakula, maji ya limau kijiko kimoja cha chakula, mdalasini wa unga kijiko kimoja cha chai, kungumanga iliyokunwa kidogo sana na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Sukari ya kiwanda cha TPC cha hapa Moshi, yenye rangi ya kahawia kidogo inatosha kabisa, usihangaike kutafuta nyeupe. Nasisitiza wanga, ule mweupe unaoteleza vidoleni. Unga wa sembe huacha chengachenga mdomoni, na unga wa muhogo huleta harufu yake.

Sasa siagi. Siagi ya maziwa huanza kulegea chumba kikifika nyuzi 20 hivi na huyeyuka kati ya 32 na 35. Mchana wa Februari hapa Moshi jiko lenyewe linakaribia joto hilo, na kiganja cha mkono pia. Siagi ikiyeyuka ndani ya unga kabla ya kuokwa, inaunywesha unga mafuta na ganda linakuwa zito na la kubomoka. Kinachotakiwa ni vipande vya siagi vilivyobaki vigumu. Vikikutana na moto, maji yaliyomo hugeuka mvuke ghafla na kuinua unga, ndipo tabaka zinapatikana. Kwa hiyo naigandisha siagi saa mbili, naikwangua moja kwa moja juu ya unga kwa chombo cha kukwangulia karoti, halafu nachanganya kwa ncha za vidole tu. Unga wenyewe naupitisha kwenye friza nusu saa kabla. Mwezi wa Juni na Julai, kukiwa na baridi, hatua hiyo ya unga naiacha.

Majarini ya kopo, ambayo wengi tunaiita siagi, ina maji mengi zaidi na hulainika upesi. Ganda lake huwa gumu badala ya kuvunjika kitabakatabaka. Ikiwa ndiyo uliyo nayo, igandishe usiku kucha na uanze na maji mililita 60. Wakati wa joto kali huchanganya siagi gramu 160 na mafuta ya mgando gramu 80. Hayo hayana maji na yanavumilia joto kuliko siagi, ingawa hayana ladha.

Maji ya barafu nayatia kijiko kimoja kimoja, nikigeuza kwa uma. Hapa mkono uliozoea chapati unapaswa kujizuia. Chapati tunaikanda mpaka inyumbuke, kwa sababu kukanda kunajenga nyuzi za gluteni zinazoifanya ivutike. Kwenye pai nyuzi hizo zinafanya ganda liwe gumu na lijikunje likiwa motoni. Acha kutia maji mara ukibana unga kwenye ngumi ukashikana, hata kama una nyufa kando. Donge lionekane baya, lenye madoa ya siagi. Ligawe mara mbili, moja liwe kubwa kidogo kwa ajili ya chini, yabonyeze yawe bapa, yafunge kwa nailoni na uyaweke kwenye friji saa moja au zaidi. Nikiyatoa mapema kuliko hapo, kingo hupasuka wakati wa kusukuma.

Kwenye matufaha, uchaguzi ni nusu ya kazi. Yale ya kijani ya Granny Smith, mengi yakiwa ya Afrika Kusini, yana ukali na hayaporomoki upesi. Mekundu matamu ya kulia mkononi mara nyingi yakiiva huwa laini na yamepooza. Mimi huchukua ya kijani theluthi mbili na ya njano ya Golden Delicious theluthi moja. Sokoni Mbuyuni au dukani, bonyeza kwa dole gumba karibu na kikonyo: likibonyea, limekaa sana ghalani na ndani ni ungaunga. Ya Lushoto niliyowahi kuyapata yalikuwa madogo, magumu na makali, yakafaa sana, ila kumenya kunachukua muda. Tofaa la Zanzibar, lile la waridi lenye umbo kama la peasi, ni tunda jingine kabisa. Lina maji tele, usilijaribu hapa.

Menya, toa sehemu ya mbegu, kata vipande vya unene wa milimita 6 hadi 8. Vyembamba zaidi vinageuka rojo, vinene zaidi vinabaki vigumu wakati ganda limeshaiva. Kisha namimina maji yaliyochemka juu ya vipande kwenye bakuli, nafunika, naacha dakika kumi. Maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi hapa Moshi, na yakikutana na matunda baridi hushuka hadi karibu 70. Kwenye joto la kati ya 60 na 70 pektini ya tunda, yaani kile kinachoshikanisha nyama yake, hukazana, hivyo vipande havivunjiki baadaye hata vikiokwa saa nzima. Ukiruka hatua hii, vya ndani hushuka na unabaki na uwazi mkubwa chini ya ganda la juu.

Chuja, kausha kwa kitambaa, changanya na sukari, limau na chumvi, acha dakika arobaini. Yatatoa maji. Maji hayo yachuje kwenye sufuria ndogo, yachemshe mpaka yabaki nusu na yawe mazito kama asali nyepesi, yapoe, ndipo uyarudishe pamoja na wanga na viungo. Hatua hii peke yake ilipunguza ulowevu kuliko nyingine yoyote niliyojaribu. Vya ndani vikiingia na joto vitayeyusha siagi ya ganda, kwa hiyo subiri vipoe kabisa.

Sukuma donge kubwa kwenye kibao kwa msukumio wa chapati, kutoka katikati kwenda nje, ukiligeuza robo kila mara, hadi unene wa milimita 3 na upana wa sentimita 32. Likianza kunata, lirudishe kwenye friji dakika kumi. Kuongeza unga mwingi kunalikausha. Lilaze ndani ya bati bila kulivuta, maana lililovutwa hurudi likiiva na kuteremka kando. Jaza matufaha ukiyapanga yasiache mianya, funika kwa ganda la pili, kunja kingo pamoja, bana kwa uma. Chana mipasuo mitano juu ili mvuke utoke. Bila hiyo utajitafutia njia pembeni na kumwaga shira. Paka yai lililopigwa na kijiko cha maziwa.

Bati liwe la chuma chepesi au alumini. La kioo au la udongo linachelewa kupata moto, na dakika hizo za kuchelewa ndizo siagi inazoyeyukia. Oveni naiwasha nusu saa kabla, nyuzi 220, na sinia la chuma ndani kwenye ngazi ya chini kabisa. Pai inawekwa juu ya sinia hilo lililoshika moto. Dakika 20 kwa 220, kisha 180 kwa dakika 40 hadi 45. Kingo zikiwahi kuwa nyeusi, zifunike kwa karatasi ya foili.

Kwa mkaa, sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu wa sentimita moja tu (kwa keki tunaweka zaidi, lakini keki haitaki moto mkali chini), na vijiwe vitatu vya kushikilia bati. Iwashe ikiwa imefunikwa dakika 20. Kupima, nyunyiza unga kidogo kwenye kifuniko cha kopo na uweke ndani: ukigeuka kahawia iliyokolea kwa dakika tano, moto unatosha. Keki hupewa makaa mengi juu, pai huanza kinyume chake. Dakika 25 za kwanza makaa mengi yawe chini na machache sana juu ya mfuniko, halafu hamisha karibu nusu ya yale ya chini uyapeleke juu. Usifunue kabla ya dakika 25 hizo.

Imeiva pale shira inapochemka kwa mapovu mazito, ya polepole, kwenye mipasuo ya katikati, si ya pembeni tu. Wanga wa mahindi hukaza vizuri joto likikaribia nyuzi 95. Arusha, ambako ni juu zaidi na maji yenyewe huchemka karibu na 95, naiacha ichemke hivyo dakika tano hadi nane zaidi. Rangi ya juu isikudanganye uitoe mapema.

Halafu iache juu ya wavu au vijiti, hewa ipite chini, kwa saa tatu au nne. Ikikatwa ya moto, shira yote hukimbilia chini na kulowesha ganda ulilolihangaikia. Kipande cha kesho yake kipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika sita au saba, ganda la chini lirudi kukauka.