Mkongwe astaafu au aendelee? Angalieni miguu

Wadau wa futiboli ya Marekani, kila msimu ukiisha tunabishana kuhusu umri wa kwotabeki (mrusha pasi mkuu wa timu) mkongwe, na umri peke yake hausemi kitu. Kwotabeki Tom Brady alitwaa Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2021 akiwa na miaka 43!

Mtazameni Peyton Manning, kwotabeki wa Denver. Mwaka 2013 alirusha pasi 55 za tachidauni, yaani za kufunga. Msimu wa 2015 zikashuka hadi 9, na pasi 17 zikanaswa na wapinzani. Mkono ulishadhoofika tangu upasuaji wa shingo, sawa, ila mwaka huo unyayo nao uliumia. Nguvu ya pasi huanzia mguu wa nyuma unaposukuma ardhi, ikapanda nyonga, ndipo ifike begani. Asipokanyaga vizuri, mpira unaelea na beki anapata muda wa kuufikia.

Mimi huangalia pasi ya kwenda ukingoni, upande wa mbali wa uwanja. Hiyo ndiyo hufa kwanza. Ya yadi 5 katikati hata babu anarusha.

Manning alibebwa na ulinzi wa Denver, wakashinda Super Bowl 50 kwa 24-10, akastaafu mwezi uliofuata. Timu isiyo na ulinzi kama ule imuage tu mapema.