Deraila ya mbele na ujuaji wangu

Ukipita na gari, Daraja la Nyali hapa Mombasa si mlima. Lipande na baiskeli saa kumi na mbili unusu asubuhi, upepo wa bahari ukikupiga ubavuni na matatu ikikupigia honi kisogoni, ndipo utajua lina mgongo. Jumatatu iliyopita nilikuwa pale katikati, nikashusha gia ya mbele kutoka sproketi (gurudumu la meno) ya kati kwenda ndogo. Cheni ikaipita ile ndogo, ikaangukia ndani, ikajibana kwenye fremu. Nilivuka nikiisukuma. Shati la kazini lina doa la grisi mpaka leo.

Baiskeli yenyewe ni ya milimani, mtumba wa siku nyingi, mbele ina sproketi tatu: meno 42, 32 na 22. Fremu ni ya chuma na haijaliwa na kutu, jambo la kushukuru kwa sisi tunaokaa Tudor na hii hewa ya chumvi. Lakini tangu siku niliyoileta nyumbani kwa tuktuk, cheni ilikuwa ikisugua mabati ya deraila, kile kifaa kinachoihamisha kutoka sproketi moja hadi nyingine, kwaru kwaru, kila nikikanyaga pedali.

Basi Jumapili usiku nikajifanya fundi. Nikachukua bisibisi, nikaziendea zile skrubu mbili zilizoandikwa H na L, kwa sababu ndizo zinazoonekana. Nikailegeza L mizunguko miwili, kelele ikapungua, nikalala na raha zangu. Kumbe L ndiyo inayoizuia deraila isiingie ndani kupita kiasi. Nimeng'oa mlango wa zizi mwenyewe, halafu nashangaa mbuzi katoka.

Jioni nikaenda kwa fundi mmoja Majengo, mtu mzima, hufanyia kazi barazani.

"Hizi skrubu umezigusa?"

"Nimezigusa, ami."

"Haya. Shika hapa."

Hakuzitazama tena. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akapangusa bomba la kiti chini kidogo ya ule mshipi unaoishikilia deraila. Uchafu ulipotoka ukajitokeza ukanda wa rangi ya buluu, safi, unang'aa kama siku ilipopakwa. Fremu nzima imepauka, ila hapo. Ndipo mshipi ulipokuwa umekaa miaka yote. Sasa ulikuwa juu yake upana wa kidole, tena umejipinda. Nikaikumbuka kamba ya tuktuk. Niliifunga mwenyewe, palepale, nikaivuta kwa nguvu zangu zote.

Alianza kwa kuufungua waya wa gia, deraila ikawa huru. Akalegeza mshipi kwa spana ya alen namba 5, akaisukuma deraila kwa mkono mpaka bati la nje likawa juu kabisa ya meno ya sproketi kubwa, akaishusha pole pole. Nafasi kati ya bati na meno yatakiwa iwe milimita 1 hadi 3, si zaidi. Yangu ilikuwa inapitisha kidole. Yeye alipima kwa shilingi kumi, ikapita kwa kubanwa. Kisha akasimama, akachungulia kutoka juu kwa jicho moja: bati la nje na sproketi viende sambamba kama reli. Kukaza nako kuna ujanja wake, maana ukikaza bolti, mshipi nao hutaka kuzunguka. Alirudia mara tatu, na mara ya tatu mimi ndiye niliyeishikilia deraila isiende.

Hapo tu ndipo aliporudi kwenye skrubu. Cheni mbele kwenye ndogo, nyuma kwenye kubwa kabisa: L ikakazwa mpaka bati la ndani likabaki nusu milimita kutoka kwenye cheni. Waya wa zamani hakuurudisha. Ulitoka kwenye ala yake mwekundu kwa kutu, nyuzi mbili zimekatika, na mpya haikuzidi bei ya mahamri na mbaazi za asubuhi. Akauvuta kwa koleo, akaubana, akahamisha cheni mbele kwenye kubwa na nyuma kwenye ndogo, akaiweka H vivyo hivyo kwa upande wa nje.

Nilipomwambia bado inasugua kidogo nikiweka ndogo mbele na ndogo nyuma, alinitazama kama niliyeomba chai iwe baridi na moto pamoja. Cheni ikienda mshazari namna hiyo lazima iguse, akasema, na gia hiyo haina kazi kwako, tumia ya kati.

Tangu hapo nimevuka daraja siku nne, kwenda na kurudi, cheni haijatoka. Kilichobaki ni kichwa cha ile skrubu ya L. Nilikiharibu na bisibisi langu pana Jumapili ile, na ami amenipa wiki moja nimletee nyingine.