Simu Kumi na Moja

Binti yangu anakwenda Lushoto Jumamosi hii pamoja na darasa lake. Watalala usiku mmoja mahemani, katika msitu wa Magamba, na jana, alipokuwa akikunja sweta lake la tatu, aliniuliza bila kuniangalia: "Mama, hivi walimu watazikusanya simu zetu?" Nilimjibu kwamba sijui. Kisha nikaenda jikoni, nikafungua bomba na kusimama pale huku maji yakitiririka bure, mpaka baba yake akauliza kulikoni.

Kilichonirudia ni Agosti ya mwaka 2016. Tuliondoka Ubungo alfajiri ya Jumamosi, mimi na mwalimu wa michezo na vijana kumi na sita wa kidato cha tatu, kwenda kupanda milima ya Uluguru. Kikao cha wazazi, kibali cha kuingia msituni, mahema ya kuazima, yote hayo nilikuwa nimeyahangaikia mwezi mzima, na katika yote hayo nilichojivunia zaidi ni sheria yangu ya simu: kila mwenye simu ataizima na kuikabidhi kabla basi halijatoka, na atarudishiwa Jumapili mchana. Nilitaka wauone mlima. Nilikuwa nimechoka kuona vijana wakipelekwa mahali pazuri, nao wakapatazama kupitia kioo kidogo kinachoenea kiganjani. Ili wasione kwamba nawabana wao tu, niliitoa na yangu. Simu ya mwenzangu ndiyo pekee iliyobaki hewani, na namba yake tuliiandika katika barua iliyokwenda kwa wazazi.

Pamoja na yangu zilikuwa simu kumi na moja. Nilizifunga moja moja kwa raba bendi na kipande cha karatasi chenye jina, nikazitia katika mfuko wa turubai uliokuwa wa vigingi vya hema. Wa mwisho kuja alikuwa binti mmoja wa Tabata, mpole, ambaye darasani nilikuwa naisikia sauti yake kwa nadra sana.

"Mwalimu, naomba nibaki nayo. Bibi yangu wa Muheza hajisikii vizuri."

Nilimuuliza kama hali yake ni mbaya. Akasema hapana, ila yeye amezoea kumpigia kila siku baada ya Magharibi, kwa kuwa ndiye aliyemlea. Nikamwambia kwamba sheria ni ya wote, na kwamba bibi atafurahi zaidi akipigiwa kesho yake na kusimuliwa habari za mlima. Aliizima mbele yangu, akanipa kwa mikono miwili.

Safari ya kupanda sitaisimulia sana. Morogoro tulifika saa nne na ushee, tukaungana na mwenyeji wa kutuongoza, tukashika njia ya kwenda Morningside, kwenye ile nyumba kuukuu ya tangu enzi za Wajerumani. Akina mama wa Kiluguru waliokwisha kuuza mboga zao mjini walitupita wakirejea makwao, matenga vichwani, kwa mwendo uliowanyamazisha wavulana wangu waliokuwa wakilalamikia uzito wa mabegi. Tulisimika mahema, tukala wali na maharage, na baridi ilipoanza kuuma waliketi wakiuzunguka moto na kuimba hadi saa nne usiku. Yule binti aliimba pia. Nakumbuka nilimtazama nikajisemea kwamba sheria yangu imefanya kazi.

Jumapili saa kumi na moja alfajiri tulianza kupanda kilele cha Bondwa. Mahali fulani msitu unafunga kabisa, ndevu za kuvumwani zinaning'inia kwenye matawi, na kijito kinakatiza njia juu ya mawe meusi. Tulisimama kunywa maji. Niliwaeleza, kama mwalimu asiyeweza kujizuia, kwamba maji ya upande huu wa mlima hushukia Mto Morogoro, huo ukaingia Ngerengere, na Ngerengere ikaingia Ruvu, ambao ndio unaotunywesha sisi wa Dar es Salaam. Yule binti alichutama, akayateka kwa viganja, akanawa uso na kunywa, kisha akainua kichwa huku maji yakimchuruzika kidevuni. "Kwa hiyo bomba la Tabata likikauka, Mwalimu, nije kuyadai hapa?" Wenzake waliangua kicheko, naye akacheka mpaka akashika jiwe asianguke. Sikuwahi kumsikia akicheka vile, wala sikuwahi kumsikia tena.

Juu ya Bondwa, zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, pana minara ya mawasiliano. Ukungu ulikuwa umeifunika nusu, tukawa tunaona vyuma vinapanda na kupotelea angani. Vijana walikaa chini yake wakala mihogo ya kuchemsha. Binti alikuwa ameegemea uzio wenyewe, na mfuko wa simu ulikuwa mgongoni mwangu, hatua mbili kutoka kwake.

Saa tano tulikuwa tumerudi Morningside. Mahema yalikunjwa yakiwa bado na umande, nami nikaketi kibarazani, nikaufungua mfuko na kuanza kuita majina. Kila aliyechukua simu yake aliiwasha palepale, na milio ikaanza kupishana: huyu muziki, yule ndege, mwingine mtetemo tu. Yake ilikuwa ya saba. Aliivua ile raba bendi, akaivisha kidoleni, akasubiri kioo kiwake. Kisha ujumbe ukaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine, mtetemo usiokoma, na nilimwona akisogeza kidole gumba taratibu kutoka juu kwenda chini kama anayesoma orodha ya matokeo akitafuta jina lake. Hakulia. Aliizungusha ile raba bendi kidoleni, ikakaza mpaka ncha ya kidole ikageuka rangi. Nikamuuliza kuna nini.

"Wanazika saa kumi, Mwalimu."

Bibi alifariki Jumamosi, muda mfupi baada ya Magharibi. Mama yake alikuwa ameitwa Muheza asubuhi ileile tuliyoondoka, na barua yetu yenye namba ya mwalimu mwenzangu ilibaki kabatini Tabata. Walipiga simu ya binti usiku kucha.

Mwenzangu aliteremka naye mara moja, mimi nikabaki na wale kumi na watano. Waliingia Muheza usiku, watu wameshatawanyika. Hesabu ya ile safari nimeipiga mara nyingi mno: angeipata habari Jumamosi usiku, akateremka alfajiri, akashika basi la kwanza la Chalinze, akabadili kuelekea Segera, angefika Muheza saa nane, au saa tisa iwapo basi lingechelewa. Angefika. Hesabu hiyo hainipi jibu jingine hata niipigeje.

Nilikwenda kumpa pole Tabata, nikaomba radhi mbele ya mama yake, nao wakanipokea kwa upole ulioniumiza kuliko lawama. Miaka mitatu baadaye nilikutana naye Kariakoo, sasa mtu mzima, kashika mkoba wa kazini. Tuliongea mambo mengi, na tulipokuwa tunaagana akasema: "Mwalimu, ule usiku wa hemani ndio usiku wangu wa mwisho nikiwa na bibi. Kwangu mimi alikuwa bado yupo." Akanishika mkono, akavuka barabara. Sikujua kama alikuwa ananiliwaza au ananiambia jambo alilolibeba muda mrefu, na hadi leo sijui. Sijui pia kama ningekuwa na haki ya kulipokea kama liwazo.

Bado naamini kwamba vijana wale waliuona mlima. Siku hiyo kijitoni hakuna aliyekuwa ameshika kitu mkononi isipokuwa maji.

Leo asubuhi binti yangu ameniletea fomu ya safari niitie sahihi. Sehemu ya simu ya dharura ina mstari mmoja. Nimeandika namba yangu, nikaandika ya baba yake pembeni, na chini, kwa herufi ndogo ndogo ili ienee, ya shangazi yake wa Korogwe. Kisha nikampigia mwalimu wake, nikamuomba nafasi ya kuzungumza naye kabla ya Jumamosi.